Neno Ambalo Hatukulitamka Mbele ya Cuthbert Raine

Asubuhi ya kwanza baada ya mgodi wa makaa ya mawe kufungwa, kijiji chetu kizima cha Brackenlaw kilichelewa kuamka. Si kwamba tulilala fofofo. Wengi walikuwa macho kitandani, wakisubiri kuambiwa kwamba kumekucha. Miaka yote tuliamshwa na injini ya kamba: mhemo mzito wa mvuke, kimya kifupi, mhemo tena, kama ng'ombe mkubwa anayepumua nyuma ya nyumba. Mama yangu alipika uji kwa kuifuata pumzi hiyo bila kutazama saa. Siku ile nilimkuta amesimama katikati ya jiko, kijiko mkononi, ameinamisha kichwa.

"Cuthbert hayupo," akasema.

Hakusema injini haipo. Kwetu sisi injini na mtu aliyeiendesha walikuwa na jina moja.

Cuthbert Raine alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja, hivyo tulijua alipokohoa na tulijua alipovua viatu. Kazi yake ilikuwa mpandishaji. Wachimbaji wana sifa zao, wana mabango yao ya hariri yanayobebwa, tarumbeta mbele, kila mwaka wakati wa kiangazi, na wanastahili. Lakini hakuna mchimbaji aliyeshuka mwenyewe wala aliyepanda mwenyewe. Shimo letu lilikuwa refu mno kwa ngazi. Ndani yake vizimba viwili vya chuma vilining'inia kwa kamba za chuma, na kamba hizo zilijizungusha kwenye pipa moja kubwa kuliko nyumba yetu. Kizimba kimoja kikipanda, cha pili kinashuka. Cuthbert alikaa kitini katika nyumba ya injini, hatua kadhaa kutoka kwenye shimo, bila kuliona. Alikuwa na kengele iliyomwambia nini kinatakiwa, mshale uliotambaa juu ya ubao kuonyesha kizimba kimefika wapi, na mstari mweupe alioupaka mwenyewe ukingoni mwa pipa. Kwa hayo, na kwa mikono miwili juu ya nyenzo za mvuke na breki, aliwashusha baba zetu kila asubuhi na kuwarudisha wakati wa chakula.

Kazi hiyo ina kitenzi chake. Kwa Kiingereza ni overwind. Hapa nitasema kupitiliza, kwa kuwa sijapata kinachokaribia zaidi. Mpandishaji akichelewa kufunga mvuke, mawazo yake yakimtoka kwa muda wa kupiga chafya, kizimba cha juu hakisimami penye mdomo wa shimo. Kinaendelea kupanda mpaka kwenye magurudumu ya kamba, juu ya mnara uliosimama penye shimo, na wakati huo huo kile cha chini kinabamizwa kwenye sakafu ya shimo. Waliomo humu na waliomo kule wanavunjwa na kosa moja. Wataalamu wamebuni ndoana inayoachia kamba na kukishika kizimba cha juu kisianguke. Kwa wale wa chini hawajabuni kitu.

Nimekifikiria kitenzi hicho sehemu kubwa ya maisha yangu, hata nikiwa chuoni, mbali na kwetu, mbele ya vitabu vilivyozungumzia mambo mengine kabisa. Aliyepitiliza hakutenda uovu. Hakulala, hakulewa, hakumchukia mtu. Alifanya jambo lile lile jema la kuwapandisha watu kuelekea majumbani kwao, ila aliendelea kulifanya baada ya kutosha. Sijui kitenzi kingine kinachonitisha zaidi ya hicho.

Kijiji kilikichukua na kukitumia kwa kila kitu. Chai ikiwa nyeusi mno, "Umeipitiliza hii, kijiko kitasimama chenyewe." Mhubiri akivuka saa ya chakula, wanaume katika viti vya nyuma walielekeza kidole kimoja juu, polepole, kuelekea magurudumu, na wake zao wakawafinya. Bi Olive Bewick wa nyumba ya mwisho aliyemlilia mumewe mpaka mwaka wa tatu aliambiwa kwa upole, na mwanamke mwenzake, akiwa amemshika mkono: "Hinny, mpenzi wangu, sasa unapitiliza." Akafuta macho, akanunua kuku.

Lakini mbele ya Cuthbert neno hilo halikutamkwa. Hakuna aliyetukataza, tulikua tukijua, kama mtoto anavyojua asiguse jiko la makaa. Mara moja tu nililisikia likisemwa, katika chai ya kanisa letu dogo la Wamethodisti. Mchungaji mgeni alimsogezea sahani ya keki na kusema kwa kicheko kwamba akina mama leo wamepitiliza. Vijiko vikatulia. Cuthbert akaitazama ile sahani kwa makini, kama anayepima.

"Basi nikatie nusu," akasema.

Na ndivyo alivyoishi, kwa nusu. Hakuongeza chakula sahani ikishakuwa tupu. Hakunyanyua sauti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shingo nene na mikono midogo iliyokuwa safi daima, na akicheka alicheka kwa mabega bila mlio. Thirza, mkewe, ndiye aliyeilinda nusu hiyo. Kwa wake wa wapandishaji ilikuwa kama sheria: mume haendi kitini akiwa na kero moyoni. Ugomvi uliahirishwa, habari mbaya ziliahirishwa, hata kilio. Nakumbuka mchana mmoja Bi Bewick alipokuja mlangoni kwa Thirza akiwa na kuku mfu mkononi.

"Mbwa wenu huyo! Tazama! Naomba kuzungumza na mumeo."

"Anaingia kazini saa nane. Njoo akitoka."

"Kuku amekufa sasa hivi, Thirza, si saa nne usiku!"

"Basi hatazidi kufa, hinny. Mweke mahali pa baridi."

Bi Bewick akarudi na kuku wake, akirudia sentensi hiyo njia nzima, na alipofika kwake alikuwa tayari anacheka.

Kulikuwa na desturi moja zaidi, nayo ilikuwa ya mgodini. Mtu akiumia chini, kengele iligongwa kwa namna ya pekee, ile ya majeruhi, ili mpandishaji avute taratibu. Mpandishaji aliyesikia kengele hiyo, naye ana ndugu chini, moyo wake ungefanya nini? Kwa hiyo msimamizi wa mdomo wa shimo, kabla ya lolote, aligeuka kuelekea dirisha la nyumba ya injini na kuinua kidole gumba. Maana yake: si wako. Kisha mpandishaji alivuta. Kwetu msimamizi huyo alikuwa Sep Dodds, mtu mrefu mwenye pua iliyovunjwa na mpira wa miguu, mcheshi, mpenda sauti yake mwenyewe. Katika maisha yake yote ya kazi kidole chake hakikuwahi kusema uongo. Kilikuwa kimeinuka kila mara kwa sababu kila mara ilikuwa kweli.

Februari moja theluji ilifunga barabara. Isaac Pallister, mpandishaji wa pili, aliishi ng'ambo ya mlima na hakuweza kufika, kwa hiyo Cuthbert alibaki kitini zamu yake ya usiku ilipokwisha. Wanaume wa asubuhi walikuwa wameshashuka. Ridley, mwanawe wa pekee, alikuwa miongoni mwao.

Jiwe lilianguka muda mfupi kabla ya mchana. Lilimlalia Ridley kiunoni. Wenzake walimtoa, wakamlaza juu ya ubao, wakapiga simu juu. Daktari Mulcahy, Mwairishi aliyewazalisha mama zetu na kutuzika, alikuja kwa miguu katika theluji, begi limefungwa mgongoni kwa kamba ya nguo. Sep alimwingiza kizimbani na kugonga kengele ya kawaida ya mtu anayeshuka. Hivyo Cuthbert mwenyewe alimshusha daktari wa mwanawe bila kujua ni nani anayeshuka wala kwa nini.

Habari zilifika haraka kwenye geti la mgodi. Wanawake hukusanyika getini hata kabla ya kuitwa. Kijiji cha mgodi kina miguu yake. Mama yangu alikuwepo, shali kichwani, kando ya Thirza. Hakuna aliyemwambia Thirza kitu. Wanawake waliokuwa mbele yake walisogea tu, mmoja baada ya mwingine, kumwachia njia, naye akajua. Mama aliniambia kwamba hakupiga kelele. Aliuliza, "Yu hai?" Mtu akajibu, "Yu hai." Akaipita ile njia waliyomwachia mpaka penye mdomo wa shimo, mama yangu akamfuata.

Pale walisimama Sep Dodds, meneja Bwana Aldersey, na wachimbaji watatu au wanne wa zamu ya pili, kofia zimejaa theluji. Sep alikuwa ndiyo kwanza anaiweka simu.

"Daktari anasemaje?" meneja akauliza.

"Anasema nyonga imevunjika vipande, bwana, na kipande kimoja kimelala pale pale penye mshipa mkubwa. Aletwe juu kama yai. Akitikiswa, kitakata, na hatafika."

"Basi gonga ya majeruhi."

Sep hakusogea. "Nikiigonga, atatazama dirishani."

"Mwinulie kidole."

"Kidole changu hakijawahi kudanganya."

"Dodds, leo kidanganye!"

"Kikidanganya leo, kesho ni mpandishaji gani atakiamini? Kila kengele ya majeruhi kuanzia sasa watatetemeka. Nitakuwa nimewavunja wote." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Na nisipokiinua, atajua. Akijua, mkono utamcheza. Huyo ni mtoto wake, bwana. Atawapeleka kwenye magurudumu, daktari na Ridley na vijana wanaoshika ubao, wote."

"Pallister je?"

"Pallister yuko ng'ambo ya mlima, theluji imefika dirishani kwake. Kama ana akili amerudi kulala."

Kisha Sep akatoa wazo lake, na nataka lieleweke kama lilivyoeleweka siku ile, na watu ambao hawakuwa wapumbavu.

"Nagonga ya kawaida. Ya watu. Avute kama kila siku, roho yake imetulia, hajui kitu. Mwendo wa kawaida wa Cuthbert ni laini kuliko taratibu ya Pallister. Nyote mnaujua mkono wake."

Wachimbaji wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Kweli, mwenzangu. Hata kiko changu hakizimiki nikipanda naye." Meneja alivuta shingo ya koti lake, akafikiri, naye akaitikia. Walikuwa watu waliomhurumia jirani yao. Walikuwa wamelelewa tangu utoto kumkinga na kila baya mpaka ashuke kitini, na sasa kinga hiyo ilikuwa inakwenda kumpa kamba yenye mtoto wake bila kumwambia aishike vipi. Katika mgodi ambao watu hawampendi mpandishaji wao, kosa hilo lisingemjia mtu akilini.

Sep alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kamba ya kengele Thirza alipouliza:

"Kawaida ni kasi gani, Sep?"

Wakageuka. Hakuna aliyekuwa amemwona.

"Thirza, mama, rudi getini. Tunalishughulikia."

"Nimekuuliza. Kizimba cha watu kinapanda kwa kasi gani?"

Kila mtu pale aliujua mwendo ule: tumbo linabaki chini, masikio yanaziba, na mwishoni kile kishindo cha kutua kinachogonganisha meno.

"Daktari amesema kama yai," Thirza akasema. "Umemsikia kwa sikio lako. Cuthbert hakumsikia. Sasa nani anavuta kamba, wewe au yeye?"

"Tunamlinda!"

"Mnapitiliza," akasema. Mama yangu aliniambia kwamba neno lilianguka pale kama sahani. "Na hata kitini hamjakaa. Mmesimama chini, miguu yenu iko ardhini, na mnapitiliza."

Meneja akaanza kusema kitu kuhusu kanuni, kwamba haruhusiwi mtu yeyote kuongea na mpandishaji akiwa kazini. Ilikuwa kweli, ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyekundu juu ya mlango. Thirza akawa ameshashika reli ya ngazi ya nyumba ya injini. Hakuna aliyemgusa. Mama yangu akapanda nyuma yake, akashika mlango usije ukabamizwa na upepo, na kwa sababu hiyo alibaki hapo kizingitini na kuona yote.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta. Shaba zote ziling'aa. Lile pipa kubwa lilikuwa limesimama, kamba imelala juu yake mzunguko kwa mzunguko, bila pengo. Cuthbert alikuwa kitini, mkono wa kushoto kwenye breki. Alipomwona mkewe hakuondoa mkono. Thirza alisubiri mpaka macho yao yakutane.

"Ni Ridley," akasema. "Yu hai. Jiwe limemvunja nyonga. Daktari yuko naye. Amesema apandishwe kama yai, akitikiswa atavuja damu ndani kwa ndani. Walitaka kugonga ya kawaida ili usijue."

Alisema yote kwa sauti moja, bila kuzidisha neno. Cuthbert alitazama mstari wake mweupe. Mama yangu alidhani hakusikia. Rangi ilikuwa imemtoka kuanzia paji la uso kwenda chini, kama maji yanavyoshuka katika chupa.

"Kizimba kipi?" akauliza.

"Sikuuliza."

"Cha kaskazini," akajijibu. "Ndicho kilichomshusha mtu mmoja. Kumbe alikuwa daktari." Akavuta pumzi. "Mwambie Sep agonge kilichopo. Kisha kizimba kikifika juu asisukume vile vyuma vya kukikalisha. Nitakisimamisha bila vyuma."

Mama yangu ndiye aliyepeleka maneno hayo, akipiga kelele kutoka juu ya ngazi. Thirza akauliza kama aondoke.

"Kaa," Cuthbert akasema. "Pale kwenye benchi. Usiniombee kwa sauti."

Kengele ya majeruhi ikagonga. Kwa mazoea Cuthbert akageuza kichwa kuelekea dirishani. Chini kule Sep Dodds alikuwa amesimama katika theluji, mikono yote miwili imening'inia, uso umeinuka kumtazama. Cuthbert akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Akashika wenzo wa mvuke.

Injini ile ilijengwa kwa ajili ya kukimbia. Kuitambaza ni kazi ngumu: ukiipa mvuke mdogo haiendi, ukiipa zaidi kidogo inaruka. Lazima uipe na uizuie kwa wakati mmoja, mkono huu unasema nenda na mkono huu unasema ngoja. Tena kamba ndefu ya chuma hunyooka kama mpira kabla ya kuinua mzigo. Mpandishaji mwenye haraka hukisikia kizimba kikidunda chini kabla hakijaondoka. Cuthbert aliunyoosha urefu wote ule kwanza, kidogo, kidogo zaidi, kama mtu anayepitisha mkono chini ya mtoto aliyelala. Kisha pipa likaanza kuzunguka, na mama yangu hakuwa na hakika kama linazunguka. Ilibidi autazame ule mstari mweupe, kisha atazame pembeni, kisha autazame tena.

Nje, wanaume walikuwa wamevua kofia bila kuambiana. Theluji ilikuwa inashuka wima, upepo umetulia, na juu mnarani ilikuwa imetua kwenye mbavu za magurudumu makubwa. Siku nyingine yoyote magurudumu yakigeuka hutawanya kila kilichoyakalia. Siku ile yaligeuka na theluji ikabaki juu yake. Ilipanda na ubavu, ikapita kileleni, ikashuka upande wa pili, nyeupe, nzima, haikumwagika. Bwana Aldersey, aliyekuwa mtu mkavu, alilizungumzia jambo hilo mpaka alipostaafu. Alisema ameingia makanisa makubwa ya mawe yenye miaka mia nyingi na hakuwahi kuhisi haja ya kunong'ona kama alivyohisi pale.

Chini, gizani, Daktari Mulcahy alikuwa amepiga magoti kizimbani, vidole viwili kwenye shingo ya Ridley. Aliusubiri mshtuko wa kuondoka, ule aliouogopa zaidi ya yote. Alisubiri. Mwishowe akakasirika.

"Wanangoja nini huko juu? Tunaanza lini?"

Mchimbaji aliyeshika taa akamulika ukutani. Mawe yalikuwa yanashuka polepole kando yao, yenye maji.

"Daktari," akasema, "tumeshapita nusu."

Katika nyumba ya injini Thirza alikuwa amekaa na mikono mapajani. Alitaka kutazama uso wa mumewe, akajizuia, akahofia kwamba hata macho yana uzito. Akatazama viatu vyake. Baadaye alimwambia mama yangu kwamba hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akikilinda miaka yote kwa kuwafukuza watu mlangoni. Alidhani analinda utulivu wa mumewe, kitu chepesi, kinachovunjika. Sasa alikiona, na hakikuwa chepesi. Mtu yule alikuwa amebeba habari yake yote, mtoto, damu, mshipa, na mkono wake haukucheza. Jasho lilimdondoka kidevuni. Mkono ulitulia kama uliochongwa.

Mwisho ndio ulikuwa mgumu zaidi. Kila siku kizimba hupandishwa kupita usawa wa sakafu kwa upana wa kiganja, vyuma husukumwa chini yake, kisha kinateremshwa kuketi juu ya vyuma hivyo, na ndicho kile kishindo cha meno. Yaani kazi yenyewe, kila siku, ilidai kuzidi kidogo. Siku ile hakuzidi. Kichwa cha kizimba kilitokeza, kikapanda mbele ya macho ya watu kama jua linavyopanda, bila hatua, na sakafu yake ilipofikia sakafu ya nje zikawa kama ubao mmoja. Sep aliinama akapitisha kiganja juu ya maungio. Hakuna kidole kilichokwaa.

"Mtoeni," akanong'ona. "Mtoeni, Cuthbert anatushikilia kwa mkono."

Waliponyanyua ubao na uzito kupungua, kamba ilitaka kuruka juu, kama kamba inavyofanya. Haikuruka. Cuthbert aliusikia kila mguu uliotoka na kuupisha. Ridley alifunguliwa macho na theluji iliyomwangukia usoni. Alikuwa mweupe kama chokaa, lakini mshipa ulikuwa mzima.

"Nimefika?" akauliza.

"Umefika, mwanangu," daktari akasema. Wale waliomwona Mulcahy siku ile wanasema alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja.

Thirza alikuwa amesimama tayari. Cuthbert hakutoka kitini.

"Nenda naye," akasema.

"Na wewe?"

"Kuna watu chini."

Hilo ndilo ninalolirudia kichwani kila mara, kuliko hata ile theluji. Ridley alilazwa kwenye sleji ya mkulima mmoja na kuvutwa na farasi wawili kuelekea hospitali, Thirza akitembea kando, mkono wake juu ya blanketi. Kupitia dirishani Cuthbert aliwaona wakipungua barabarani mpaka wakawa doa. Kisha Sep akagonga ya kawaida, na Cuthbert akawapandisha wanaume wa asubuhi, kizimba baada ya kizimba, kwa mwendo wa kila siku, na kila kundi likatua juu ya vyuma kwa kishindo kile kile cha meno. Wengi wao hawakujua kilichotokea mpaka walipokuwa nje. Alipowatoa wote, alifunga mvuke, akafuta nyenzo kwa kitambaa kama alivyofanya siku zote, akasimama. Hakufika mlangoni. Mama yangu alimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kiti, akicheka kwa mabega. Alipomsogelea aliona kwamba hakuwa anacheka.

Sep Dodds hakuweza kumwangalia machoni kwa muda. Hatimaye, Jumapili moja, alimsimamisha nje ya kanisa, akaivua kofia, akaikunja.

"Cuthbert, nilikuwa nakuhurumia, mwenzangu. Ndiyo hivyo tu."

"Najua."

"Sikutaka..."

"Sep. Unihurumie Jumapili. Siku za kazi nigongee kilichopo."

Sep akasema sawa, kisha kwa kuwa alikuwa Sep, akauliza kama Jumapili hiyo inahesabika, maana ana mambo kadhaa ya kumhurumia. Cuthbert mabega yakamtikisika.

Si wote waliomsifu Thirza. Bi Bewick alishikilia mpaka kufa kwamba mwanamke yule alicheza na roho za watu, kwamba mkono ungeweza kucheza, na nani angejibu? Ni kweli. Ungeweza. Wake wa wapandishaji wengine waliendelea na desturi yao kama zamani, na Thirza pia, aliporudi kutoka hospitali, aliendelea kuwafukuza watu mlangoni kwa habari za kuku. Lakini kidole gumba cha Sep kilikwisha siku ile. Kuanzia hapo kengele ya majeruhi ilipogonga, alitamka jina kwa sauti kupitia dirishani, jina kamili, liwe la nani.

Ridley hakushuka tena. Mguu mmoja ulibaki mfupi. Akajifunza useremala, akaoa msichana wa pwani. Mgodi ulifungwa miaka kumi na kitu baadaye, na injini ikakatwa vipande na watu waliotoka mbali. Thirza amezikwa nyuma ya kanisa. Isaac Pallister pia, na Sep.

Cuthbert Raine anaishi Seaham, mji wa pwani, kwa Ridley, katika chumba cha mbele kwenye ghorofa ya chini, na mwezi wa Oktoba atatimiza miaka themanini na mbili.